Mbegu za Bwana Ngassa

Nyarubungo, Biharamulo
21 Novemba 1999

Kaka Aron,

Shikamoo. Msalimie sana wifi Genoveva, mwambie kikapu chake kilifika na sijakirudisha kwa makusudi. Sisi huku tunapumua. Dafroza anaingia darasa la sita mwakani na ameanza kunisahihisha Kiswahili mbele ya wageni, tabia hiyo kaitoa kwa mjomba wake mwalimu. Niyokwizera amedondokwa na meno yote mawili ya mbele, sasa hata jina lake halitamki. Tangu baba yao azikwe sijawaona wakicheka kama mwezi huu. Salamu ziishie hapo, maana nikiendelea kuandika kwamba hatujambo nitakuwa nadanganya kwa mwandiko mzuri.

Nilikuandikia mwezi wa nane kwamba kikundi chetu cha wanawake kumi na wanane kimeuza mbuzi wake wote ili tupate mbegu za kisasa za mahindi. Mwenyekiti ni mimi, na aliyewasumbua wenzake mpaka wakakubali ni mimi. Tulinunua Lusahunga, kwa Bwana Ngassa, yule mwenye duka kubwa pale njia panda yanapopumzika malori yaendayo mpakani Rusumo. Mbegu zilikuwa na rangi ya waridi kama zilizotiwa dawa, ndani ya mifuko yenye picha ya hindi. Ngassa alitutahadharisha kwa mdomo wake tusije tukazitafuna, ni sumu. Tukamshukuru kwa kutujali!

Tulipanda mwishoni mwa Septemba, mvua ikiwa nzuri. Katika kila mashimo kumi yaliota matatu, na hayo matatu yamesimama kimo cha goti, membamba, yamekataa kuendelea. Mwanzoni tulilaumu panya, kisha tukalaumu udongo. Wengine wameanza kunilaumu mimi, na hao nawaelewa.

Unajua desturi ya mama. Kila msimu alibakiza kiganja kimoja cha mbegu, akakifunga kwenye jani kavu la mgomba na kukining'iniza juu ya mafiga, ili mwaka ukiharibika pawe na cha kuulizia. Nami hufanya hivyo. Wiki iliyopita paa lilivuja, kifungu kikalowa, nikakishusha. Jirani yangu Yuster Shibuda, Msukuma aliyehamia hapa na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, akanishika mkono. "Claudia, mbona kiganja chako kimekuwa chekundu?" Tukazitia mbegu kwenye beseni, tukazisugua kama unavyoosha maharage. Maji yakawa ya waridi, na mahindi yakawa ya njano.

Ya njano, kaka. Yale ya msaada, ya kambi za huko kwenu Ngara, yanayopita hapa kwenye malori tangu wakimbizi waje. Chakula cha mkimbizi kimeibwa, kimepakwa rangi, kimeuzwa kwa mkulima kama mbegu.

Wanasema sasa ni soko huria. Uhuru huo ni wa nani? Enzi za ushirika mbegu zilichelewa, na mara nyingine zilikuwa mbovu, lakini angalau uliujua mlango wa kwenda kugonga. Leo nanunua betri za redio zinazokufa kabla ya taarifa ya habari kwisha, kiberiti ambacho nusu ya njiti hazina vichwa, kanga inayochuja rangi Jumapili ya kwanza, na ukilalamika muuzaji anakuuliza ni nani alikulazimisha kununua. Vyama vya siasa tumeletewa vingi, duka la mbegu ni moja. Mnunuzi nchi hii ana haki moja tu, ya kulipa.

Nataka kumshtaki Ngassa kwenye baraza la kata. Wewe unayajua maneno ya ofisini. Niandikie malalamiko yaliyonyooka, mimi nitayanakili kwa mkono wangu.

Nasubiri, na unajua kusubiri si kipaji changu.

Mdogo wako,
Claudia Kankindi


Ntobeye, Ngara
9 Januari 2000

Mdogo wangu Claudia,

Marahaba. Barua yako ilifika karibu na Krismasi. Katekista aliyeileta aliiweka ndani ya Biblia yake, akaisahau mpaka alipofika Zaburi. Huku tu wazima isipokuwa mguu wa Genoveva, ambao umevimba tena. Mwaka elfu mbili tuliungojea kwa hofu. Walisema dunia itakwisha, watu wakaungama hadi kuku waliowaiba utotoni. Asubuhi dunia ilikuwepo, mshahara wa Desemba ndio haukuwepo. Migomba inaendelea vizuri.

Kuhusu mahindi, pole sana. Mahindi yale hukaa ghalani muda mrefu, hupuliziwa dawa mara kwa mara, na kiini chake hufa. Hata kambini waliojaribu kuyapanda nyuma ya hema waliambulia majani. Mtu anayeyajua hawezi kuyapanda.

Malalamiko nimeyaandika kwenye karatasi ya pili. Ila nakusihi mambo mawili. Tumia jina la Yuster, au la kikundi, usiandike lako. Tena usitaje kambi, sema tu mbegu hazikuota. Bwana Ngassa ana mikono mirefu, na wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Sisi ni watu wa kuja, Claudia. Mtu wa kuja halalamiki kwa sauti.

Mwambie Dafroza asahihishe watu, lakini kwa adabu.

Kaka yako,
Aron Nshimiyimana


Nyarubungo
30 Januari 2000

Kaka Aron,

Shikamoo, na pole ya mguu kwa wifi. Watoto wazima. Njaa imeshapiga hodi, tunakula mihogo ya Yuster.

Watu wa kuja? Nani huyo? Wewe ndiye uliyebebwa mgongoni kuvuka mto Ruvubu kutoka Burundi mwaka sitini na tano, ukilia, mama alituambia, mpaka wakataka kukuziba mdomo. Mimi kitovu changu kimezikwa hapo hapo Ntobeye, nyuma ya jiko mnalopikia. Miaka saba nimeimba wimbo wa taifa kila asubuhi katika shule unayofundisha. Kama mimi ni wa kuja, nimekuja kutoka wapi? Tumboni?

Malalamiko nimeyanakili, ahsante, maneno yake ni mazuri. Nimeongeza habari za kambi kwa sababu ndio ukweli wenyewe, na chini nimetia jina langu, Claudia Kankindi, mwenyekiti. Yuster alikuwa tayari kutia lake, lakini si yeye aliyewashawishi wanawake wauze mbuzi. Nikaipeleka karatasi kwa miguu. Karani wa kata akaisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaniuliza, "Wewe ni raia?" Nimekwenda kulalamikia mahindi, nimeulizwa baba yangu alitoka wapi! Mwaka jana Yuster alipeleka pale shauri la ng'ombe, hakuna aliyemuuliza hata jina la kijiji alichotoka.

Kuna jingine. Ngassa anagombea udiwani Oktoba. Ameshaanza kugawa mabati kwenye makanisa, na kila anapopita watu wanasimama.

Baraza litakaa Aprili. Nitumie hati ya uraia ya baba, ile ya mwaka themanini na moja yenye majina yetu sote nyuma, iliyo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chako. Ipitishe parokiani, huko haipotei kama posta. Bila hati hiyo mimi si mlalamikaji, ni mtu tu anayepiga kelele.

Claudia


Ntobeye
2 Aprili 2000

Mdogo wangu,

Marahaba. Nisamehe kimya. Tulikuwa na mkaguzi wa shule, kisha mvua ikakata barabara, kisha homa ikanilaza. Genoveva anakusalimu.

Hati nimeitafuta. Sanduku lilipelekwa parokiani wakati ule wakimbizi walipokuwa wengi na sisi tukihofia wezi, na padre mwenye ufunguo amekwenda Rulenge. Tena nasikia panya waliingia. Sina hakika kama karatasi bado inasomeka.

Claudia, iache kesi hii. Mahindi ni mahindi, msimu mwingine utakuja. Nina miaka kumi na tisa kazini na sijawahi kuitwa ofisini hata mara moja. Najua unaniona mwoga. Lakini kuna mambo ambayo yakifukuliwa, harufu yake haimwishii aliyefukua.

Je, Bwana Ngassa amesema lolote kunihusu?

Aron


Nyarubungo
Jumatatu ya Pasaka, 24 Aprili 2000

Kaka,

Shikamoo. Pasaka yetu ilikuwa maharage bila mafuta, lakini tuliimba.

Mkaguzi, mvua, homa, padre, panya. Umesahau nzige tu. Hati haikuja, nikaenda barazani Jumanne iliyopita mikono mitupu.

Sikiliza ilivyokuwa. Wazee watano wa baraza wamekaa, Ngassa amepewa kiti cha mbele kama mgeni wa heshima, sisi wanawake tumesimama. Nikamwaga mbegu zangu mezani, nikaomba beseni, nikaziosha mbele yao. Maji yalipogeuka rangi mzee mmoja alisema "Yesu!" kwa sauti. Nilijua nimeshinda.

Ngassa hakulitazama beseni. Alisimama, akatoa kwenye koti karatasi ngumu iliyokunjwa. "Waheshimiwa, mimi sina ugomvi na wakulima wa nchi hii. Ila huyu mama ni mkimbizi. Kadi yake ya posho hii hapa. Kankindi Claudia, ametoka Burundi, watoto wawili, ameandikishwa kambini mwaka tisini na tano. Tangu lini mkimbizi akamshtaki raia?"

Nikamuuliza, "Na wewe raia, kadi ya posho imefikaje mfukoni mwako?"

Watu wakacheka. Yuster akapaza sauti, "Ajibu! Au duka lake linauza na kadi?" Kila mtu alielewa, kaka. Kadi ya mkimbizi hukaa kwa mfanyabiashara anayenunua posho yake. Ngassa alikuwa ametoa hadharani ushahidi wa wizi wake mwenyewe! Mwenyekiti akapiga meza, akasema swali langu haliko kwenye ratiba. Ndivyo alivyosema, ratiba. Kesi ya mbegu imeahirishwa mpaka ijulikane mimi ni nani. Kisha ofisi inayoshughulikia wageni ikaniita na kunipa hadi tarehe 31 Julai nilete uthibitisho wa uraia, la sivyo nihamie kambini na wanangu.

Nina hasira mpaka nikitwanga nasahau kuweka kitu kwenye kinu. Yaani mtu akidhulumiwa nchi hii, kwanza athibitishe kwamba anaruhusiwa kuumia? Mbegu mbovu zimepita kila kizuizi cha barabarani bila kuulizwa karatasi. Nimeulizwa mimi.

Sijawahi kukanyaga kambini, unajua. Kadi ile niliishika mkononi. Chini yake kuna saini. Waliniuliza kama naufahamu mwandiko huo, nikasema siufahamu, na huo ndio uongo pekee uliosemwa na upande wangu siku ile. Sitakuandikia niliona nini. Wewe ndiye utakayeniandikia.

Claudia


Ntobeye
11 Juni 2000

Claudia,

Marahaba, kama bado naistahili. Migomba... hapana, nisianze na migomba.

Saini ni yangu.

Mwaka ule watu walikuwa wengi kuliko nyasi. Mihogo yetu iling'olewa yote, miti ya mama ikakatwa kuni, mshahara haukuja miezi mitano. Na kila siku malori ya chakula yalipita mbele ya mlango wangu kwenda kwa watu wanaosema lugha yangu. Majirani wakaanza kujiandikisha kambini kama wakimbizi. Aliyejua Kirundi hakuulizwa mengi. Mimi ni mwalimu, ningetambulika, nikaogopa kuandika jina langu. Nikaandika lako na la watoto, kwa sababu mlikuwa mbali, nikaona jina kukaa kwenye karatasi halitakudhuru. Genoveva alipanga foleni akajiita Claudia, na Kihangaza chake hakina tofauti kubwa na Kirundi. Tulikula. Mama naye alikula mpaka alipofariki, na wewe ulitushukuru kwa jinsi tulivyomtunza.

Yaliyozidi tulimuuzia Ngassa. Tulipotafuta sanda ya mama tukamwachia kadi rehani, hatukurudi kuikomboa.

Hati ipo. Panya hawajaigusa. Iko pale pale ulipoandika. Lakini nikiileta watayaweka majina ya hati kando ya majina ya kadi, wataniuliza nani alisaini, na siku hiyo kazi yangu imekwisha, pengine na kifungo juu yake. Nina watoto watano shuleni. Nimemwandikia afisa barua isiyo na jina, nikaeleza kwamba wewe ni raia mwema. Naomba itoshe.

Aron


Nyarubungo
25 Juni 2000

Kaka Aron,

Barua isiyo na jina! Langu ulilipata upesi, lako ndilo zito?

Ndiyo, nilikushukuru kwa ajili ya mama, na maneno hayo siyarudishi. Ungeniambia, "Claudia, tuna njaa, nimekuazima jina," ningekujibu litumie. Ningekuja kupanga foleni mwenyewe. Kinachonichoma ni miaka mitano ya "migomba inaendelea vizuri".

Jana nikipalilia nikawaza jambo nikaketi chini. Mahindi niliyopanda yawezekana yalitolewa kwa jina langu, yakauzwa na kaka yangu, yakapakwa rangi, nikayanunua kwa mbuzi wa wenzangu. Nikacheka peke yangu shambani hadi Yuster akaja kuniangalia.

Lakini Ngassa simwachii. Wewe uliiba ushibe, yeye aliiba atawale. Njoo na hati, na njoo na mdomo. Sema nani alisaini, na sema nani alinunua. Ukisema hayo mawili, mimi ni raia na yeye ni mwizi. Hakuna mtu mwingine chini ya jua anayeweza kuyasema. Siku ya mwisho ni Jumatatu, tarehe 31 Julai. Nitakusubiri Lusahunga, yanaposimama magari, tangu asubuhi.

Claudia


Kambini, Ngara
27 Agosti 2000

Aron,

Shikamoo nimeiacha Nyarubungo pamoja na vyombo.

Niliyatazama magari yote yaliyotoka Ngara siku ile. Kila mwanamume aliyeshuka na bahasha nilimsimamia mbele, mmoja akadhani nina wazimu. Niyokwizera akauliza kama mjomba amepotea njia, nikamjibu ndiyo.

Gari lilikuja kutuchukua Alhamisi. Katika wenzangu kumi na saba, kumi na mmoja walikuwa wameapa kutoa ushahidi. Ngassa akagawa chumvi na kanga, wakabaki wanne. Siwalaumu, nao wana watoto shuleni, kama wewe. Yuster amehamia nyumbani kwangu pasije pakasemwa shamba halina mwenyewe. Siku tunapakiwa alimfuata afisa hadi kwenye usukani akimwambia, "Na mimi nipandishe! Nilihamia hapa juzi juzi, huyu nilimkuta!" Afisa alifunga kioo.

Hapa wakimbizi wenyewe wananitazama kwa mashaka. Kirundi changu ni cha Ntobeye, wanakicheka. Mama wa hema la pili, anaitwa Secilia, aliniuliza nimekimbia vita gani. Nikamwambia vita vya mahindi. Hakucheka. Yeye alikimbia vita kweli, na amezika wanne. Nikaona aibu kulalamika mbele yake, kisha hasira ikanirudia maradufu, kwa sababu mahindi yale yalikuwa yake kwanza. Mimi na Secilia tumeibiwa na mkono mmoja. Lakini kwenye mikutano ya kampeni mwizi anahubiri kwamba raia amwogope mkimbizi, na mkimbizi akisikia anamwogopa raia, na hapo katikati mtu anajenga ghala.

Dafroza anasoma shule ya kambi. Wanafundishwa kwa Kifaransa, masomo ya Burundi, wajiandae kurudi. Mtoto wangu anaandaliwa kurudi mahali ambako hajawahi kufika. Anakaa nyuma kabisa na hasahihishi mtu.

Kutoka hapa hadi kwako ni mwendo wa nusu siku kwa baiskeli. Miaka yote tulitenganishwa na wilaya, leo tumekuwa majirani na bado hujaja. Usiniandikie tena habari za padre na ufunguo.

Claudia Kankindi


Ntobeye
12 Novemba 2000

Claudia,

Hukunisalimu, na mimi sikudai. Watoto hawajambo.

Umeshasikia kwamba Ngassa ameshinda udiwani. Dereva mmoja wa lori amenihadithia sherehe yake. Aliahidi kata nzima mbegu bora, watu wakapiga vigelegele.

Tarehe 31 Julai nilitoka nyumbani, Claudia. Nilivaa shati jeupe, hati nikaitia kwenye bahasha, nikafika barabara kuu saa moja asubuhi. Basi likaja, likajaa, likaondoka. Nikasema nitapanda la pili. Lilipokuja la pili nikasema la tatu. Kisha nikarudi shuleni nikafundisha kipindi cha mwisho, somo la uraia, darasa la sita. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia nikiwa na chaki mkononi siku ile.

Barua yako ya Agosti nimekaa nayo wiki kumi. Jumatano iliyopita nikaenda ofisi ya wageni. Nilimpa afisa hati ya baba, akaisoma mbele na nyuma. Nikamweleza nani alisaini, nani alipanga foleni, nani alinunua posho, na kadi ilivyokaa rehani. Jina la Ngassa nililitaja mara tatu, na kalamu yake haikuliandika hata mara moja. Alisema mheshimiwa diwani hahusiki na suala la wageni.

Halafu akaniuliza, "Huyu Claudia na wewe ni baba mmoja?"

"Baba mmoja, mama mmoja."

"Na wewe ndiye uliyezaliwa ng'ambo?"

"Ndiyo."

"Na yeye ni mkimbizi kwa saini yako mwenyewe?" Alikuwa akitabasamu. Mtego niliuona, haukufichwa hata kwa majani: dada akiwa mkimbizi, na kaka ni mkimbizi. Ningeweza kusema ni dada wa ukoo, ni majina tu yamefanana, na yeye mwenyewe alinipa nafasi, akainuka akajimiminia chai taratibu. Aliporudi kitini nikamwambia tena, baba mmoja, mama mmoja, ziwa moja tulilonyonya.

Hati ameishikilia kwa uhakiki. Kazini nimesimamishwa. Mpaka uhakiki uishe natakiwa nikae wanapokaa wageni. Genoveva na watoto wanabaki kwa kuwa yeye ni Mhangaza, mwenyeji. Gari langu ni Ijumaa.

Sina la kujitetea. Uliponisubiri nije nikuokoe sikuja, sasa nakuja nikiwa sina cha kukuokoa nacho. Nitabeba vitabu vya darasa la sita, vya Kiswahili, ili Dafroza asirudi nyuma. Na malalamiko tutayaandika upya, wewe na mimi, na Secilia akikubali, tuyapeleke juu ya wilaya. Safari hii wewe ndiye utakayetunga, mimi nitanakili.

Nasikia wageni wapya hupangwa popote penye nafasi. Kwako mko watatu. Sikuombi unisamehe, hilo lina wakati wake. Naomba tu wakikuuliza siku hiyo getini kama mtu huyu unamfahamu, uwajibu kama nilivyojibu mimi.

Aron